Kufuli Nne Mfukoni

Hosteli ya Wagonjwa, Chumba namba 6
6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, binti yako na mumewe, pamoja na yule kuku wako asiyetaga ambaye bado unamtetea. Mimi sijambo. Chumba changu kina vitanda viwili, dirisha moja na meza yenye mguu mfupi, ambao nimeuwekea kipande cha tofali. Mwenzangu chumbani ni fundi saa. Hana maneno mengi, lakini kila akiamka ananitajia saa kamili bila kuulizwa.

Sasa jambo lenyewe. Nimefaulu! Madaktari wamenikubali kwenye utafiti wao. Unakumbuka waliniambia saratani ya utumbo mpana imehamia kwenye ini na dawa za kawaida zimegonga mwamba. Hizi ni dawa mbili mpya, na hospitali hii ndiyo inayoanza kuzitoa kwa pamoja. Daktari alianza kunichorea maduara na mishale, nikamwambia aache, nimeelewa. Seli za saratani ni watoro. Kidonge cheupe kinafunga geti la shule. Watoro wakiona geti limefungwa watatafuta tundu kwenye ua wa nyuma, basi kidonge cha njano kinaziba tundu. Daktari akasema ataomba ruhusa ya kuutumia mfano huo.

Utaratibu wao ni huu: wagonjwa wanaingia watatu watatu. Kundi la kwanza walipewa kipimo kidogo, wakakaa siku ishirini na nane bila madhara makubwa. Sisi ni kundi la pili, tunapewa kipimo kikubwa zaidi. Tukimaliza salama, watatu watakaofuata watapandishiwa tena. Mwenzetu wa tatu ni mama mmoja, mpishi wa chuo. Jana niliwaita yeye na Fundi Saa uani, nikawaeleza kwamba katika miaka yangu kumi na tisa ya ualimu mkuu sijawahi kuwa na darasa lililofeli, na sina mpango wa kuanza sasa. Fundi Saa akauliza mtu anafelije kwa kumeza vidonge. Nikamwambia akae chini.

Usinipigie simu. Simu haimpi mtu nafasi ya kufuta alichosema. Tuandikiane, kama zamani.

Kaka yako,
Kengele (ndiyo, hata hapa wameshalijua hilo jina)

Nyumbani
27 Februari

Kaka,

Salamu zako zimefika, na kuku amezipokea kwa kiburi chake cha siku zote. Binti yangu hajambo, mumewe hajambo, paa la jikoni bado linavuja palepale. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa na pilikapilika. Kazini kwenye mizani nimechukua likizo kidogo, wamemweka kijana wa kompyuta kwenye kiti changu, na nasikia malori yanapita kwake yakicheka.

Nimefurahi kwamba umepata dawa. Nimefurahi kiasi kwamba nilikaa jikoni nikalia, halafu nikasingizia kitunguu na kitunguu chenyewe hakikuwepo. Lakini nina swali moja, na nataka jibu la namba: una kilo ngapi? Usiniandikie kuhusu watoro. Kilo ngapi.

Hapa hakuna jipya. Jirani yangu anasumbuliwa na tumbo, namsindikiza hospitali mara mojamoja.

Mdogo wako

Chumba namba 6
15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipa kumi na tatu kwa ishirini. Maelezo kuhusu paa yametosha. Maelezo kuhusu jirani hayatoshi: jirani yupi? Yule wa kushoto hana tumbo la kusumbuliwa, ana mdomo.

Mimi ni mzima kabisa. Wenzangu ndio wanaohitaji kusukumwa. Tulipewa kila mmoja daftari la dalili, ambamo kila siku unajaza umeharisha mara ngapi, una vipele kiasi gani, vidole vinauma au haviumi, umekula nini. Mimi nililijaza lote siku ya kwanza, siku zote ishirini na nane, kama mwalimu anayejiheshimu anavyoandaa masomo yake kabla muhula haujafunguliwa. Fundi Saa na Mpishi wakanakili kwangu. Palitokea utata kidogo siku ya kumi na moja, kwa sababu daftari langu linasema nilitembea kilomita mbili na kula sahani mbili, wakati siku hiyo nilikuwa nimelazwa na dripu mkononi. Nikamwambia nesi nilitembea asubuhi sana. Hakuna aliyefuatilia.

Dawa hizi zina tabia ya kuchokoza ngozi za watu dhaifu. Fundi Saa ametoka vipele uso mzima. Mpishi akaleta kopo la poda, na kwa umoja wa darasa tukajipaka wote watatu, mimi nikiwemo, ili asionekane peke yake. Nesi alipotuona kwenye benchi, weupe kuanzia paji la uso hadi kidevuni, aliuliza tumetoka kwenye maigizo gani.

Na kope! Zinarefuka, usifanye mchezo. Za Fundi Saa zinagusa kioo chake cha kukuzia, hawezi tena kuona ndani ya saa mpaka azishike kwa kidole. Za kwangu ni za kawaida, ila wajukuu wa wagonjwa wengine huniuliza maswali.

Sasa usiseme nawafundisha watu uongo. Daktari alitamka kwa mdomo wake: mtu akipata madhara makubwa, tunasimamisha. Neno kusimamisha nalijua vizuri. Nimesimamisha watoto wangapi shule? Wengi wao hawakurudi. Na mimi nikisimamishwa, mdogo wangu, hakuna shule nyingine ya kunipokea. Nyuma ya vidonge hivi viwili hakuna kidonge cha tatu.

Kuhusu kilo: hazijabadilika.

Kengele

Nyumbani
9 Aprili

Kaka,

Salamu ni zilezile. Utanisamehe nimeandika kwa penseli, kalamu imepotea. Binti yangu anakusalimu, amehamia kwangu kwa muda na watoto, ananifanya nisiguse hata sufuria. Kuku ametaga yai moja, kisha akaonekana kujuta.

Nimesoma barua yako mara nne. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye mizani ya barabarani. Dereva akiniambia gari lake ni tupu simwangalii usoni, naangalia springi. Sasa ngoja nikuangalie springi. Mwandiko wako, ule ambao inspekta wa shule aliuchukua kama mfano, umepanda mlima na kushuka bonde. Herufi zinaachiana nafasi, kama mtu anayeinua kalamu kupumzisha vidole. Karatasi ina alama ya unga mweupe pembeni, na katikati ya unga kuna tone la damu. Unasema vipele ni vya Fundi Saa. Basi Fundi Saa ndiye aliyeshika karatasi yangu?

Na hizo kilo ambazo hazijabadilika. Kaka, mtu mwenye dripu mkononi kilo hubadilika. Umeweka nini mfukoni? Usinipige chenga. Madereva walikuwa wakijaza matangi maji ili uzito utoke sawa na karatasi, halafu wanamwaga mbele ya safari. Niliwakamata wote.

Jirani yangu amepigwa picha, majibu si mazuri. Daktari akauliza kama kuna ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa aina hii. Nikasema yupo. Yaani jirani akasema yupo.

Jibu upesi.

Mdogo wako

Chumba namba 6
28 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Usishtuke ukiona mwandiko mgeni. Namsomea Fundi Saa, yeye anaandika, kwa sababu nimeamua kumpa mazoezi ya imla. (Mimi Fundi Saa. Hapana, ni vidole vyake. Vimepasuka kwenye ncha, hawezi kufunga hata kifungo cha shati.) Natumai wewe na wote hapo nyumbani ni wazima.

Kwanza, habari njema. Tumefaulu! Siku ishirini na nane zetu zimehesabiwa na kamati imekaa. Kundi la pili halina madhara makubwa hata moja. Kipimo kinapanda, kundi la tatu litapewa mara moja na nusu ya chetu, na sisi tunaendelea na hikihiki. Mpishi alilia kwa furaha. (Alilia kwa sababu hasikii ladha ya kitu chochote tangu Machi, na kazi yake ni kuonja.) Niliwahutubia kwa dakika chache. (Arobaini. Mwenyewe alikimbilia chooni mara tatu katikati.)

Pili, unaniuliza mfukoni kuna nini. Swali hilo halina adabu. Mwalimu mkuu hutembea na funguo na vitu vyake vya kazi. (Kufuli. Nne, za madarasa, zile nzito. Kila siku ya kupimwa anavaa koti na kuzigawa mbili kulia, mbili kushoto. Nesi akimwambia avue koti anasema hajawahi kuvua koti mbele ya wanafunzi.)

Tatu, sijambo kabisa na naharisha mara mbili kwa siku, kama mtu yeyote aliyekula maharage. (Mara tisa. Nina saa mkononi.)

Fundi Saa anaandika polepole mno, hata sielewi kwa nini sentensi fupi zinamchukua muda mrefu hivi. Ningeisoma barua hii kabla ya kuifunga, ila macho yananitoka machozi na hizi kope zinaingia ndani. Namwamini.

Mwambie jirani yako ajikaze. Mwambie kuna dawa mbili mpya, hazina shida hata chembe. Kama hospitali ya huko kwenu itajiunga na utafiti, aombe nafasi.

Kengele (Fundi Saa kwa niaba. Dada, sijawahi kukuona, lakini huyu mtu wako anaisha.)

Nyumbani
12 Mei

Kaka,

Leo sina salamu.

Hakuna jirani. Ni mimi. Tangu Januari, kabla hata hujaniandikia barua ya kwanza. Utumbo mpana, na ini, kama wewe. Sikukuambia kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mgonjwa, na nilijua ukisikia utaacha dawa uje kunishika mkono na kuwapangia manesi ratiba. Kwa hiyo na mimi nimepita kwenye mizani na tangi la maji. Naomba unisamehe.

Hospitali ya huku imejiunga na utafiti wenu. Niliomba nafasi kabla barua yako haijafika, nimeipata. Mimi ni mmoja wa watatu wa kundi la tatu. Naanza tarehe mosi Juni, na kipimo changu ni mara moja na nusu ya chako. Daktari, mama mmoja mpole sana, ananiambia nisiogope: kundi lililotangulia halikupata shida yoyote, ana daftari zao. Alinionyesha kwa fahari. Moja limejazwa vizuri ajabu, kwa wino uleule siku zote ishirini na nane. Jina limefichwa, lakini Kaka, mwandiko ule ndio ulionifundisha kusoma.

Sikumwambia kitu. Ningeweza kumwambia. Nina barua ya Fundi Saa hapa kwenye droo, ingetosha. Lakini nimewafichua watu wa kutosha maishani, na nataka huyu mmoja aseme mwenyewe.

Nina kilo hamsini na mbili. Nilikuwa na sitini na nane. Naogopa sana. Nakuuliza kama karani wa mizani, si kama dada: uzito ulioandikwa ndio uliopo kwenye gari?

Mimi

Chumba namba 6
21 Mei

Mdogo wangu, damu yangu,

Naandika mwenyewe. Usijali madoa, ni vidole.

Barua yako ilifika jana saa nne asubuhi. Fundi Saa ndiye aliyenisomea, na alipofika kwenye neno jirani alivua kioo chake, akaanza upya. Nilikupigia simu kwa mara ya kwanza katika miaka mingapi sijui, ikapokelewa na mjukuu wako aliyenieleza habari za kuku mpaka salio likaisha. Basi nikavaa koti nikaenda kliniki. Haikuwa siku yangu ya zamu. Nilisimama katikati ya chumba cha daktari, nikatoa kufuli moja moja na kuzipanga mezani juu ya karatasi zake. Nne. Kisha nikapanda kwenye mizani bila kuambiwa na bila koti. Kilo zangu ni arobaini na tisa na nusu.

Nikasema yote. Mara tisa kwa siku. Dripu. Poda. Daftari nililolijaza kabla sijameza kidonge cha kwanza. Nilizungumza kama kitoto kilichokamatwa juu ya ua. Nikawaambia: nisimamisheni mimi, nimestahili, lakini msimpe dada yangu kipimo kile. Kisha nikaegemea ukuta kungoja adhabu.

Unajua nesi alisema nini? Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa mwisho. Alisema, "Mwalimu, hapa hakuna mwanafunzi. Anayefanya mtihani ni dawa. Nyie mlitakiwa kusahihisha."

Mdogo wangu, nilikaa chini. Miezi mitatu nimeipa dawa majibu! Mimi, niliyewahi kumfukuza msimamizi kwa kumnong'oneza mtoto jibu moja la hesabu.

Na hawakunisimamisha kama nilivyofikiri. Wanasimamisha kupanda kwa kipimo. Mimi wamenipumzisha wiki mbili, kisha nitarudi na kipimo cha chini, na kumbe kuna dawa ya kuzuia kuharisha na mafuta ya vipele ambavyo tungepewa tangu siku ya tatu kama tungefungua mdomo. Daktari alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alisema mtu mwingine angeweza kufa kwa mwandiko wangu mzuri. Halafu akasema picha zinaonyesha vivimbe vya ini vimepungua kidogo, kidogo tu, hataki nishangilie. Sikushangilia. Wamewaita Fundi Saa na Mpishi, nao wamemwaga yote. Vipele vyangu vimepimwa upya na kupewa daraja la tatu, ambalo kwao ni madhara makubwa. Sijawahi kupata daraja la tatu maishani.

Wamempigia daktari wako mbele yangu, nimesikia kwa masikio yangu. Tarehe mosi huanzi. Wakikuanzisha, utapewa kipimo walichokimaliza watatu wa kwanza, watu ambao hawakuwa na mwalimu mkuu.

Uliniuliza swali moja. Jibu: hapana. Gari lilikuwa tupu, nami nililijaza maji. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chochote, na kwa vile sijui kuogopa mbele ya watu, nikaanzisha darasa.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kalamu yangu nyekundu. Sina haki nayo kwa sasa.

Kaka yako

Nyumbani
23 Juni

Kaka mpendwa,

Salamu kwako, kwa Mpishi, na kwa Fundi Saa zaidi ya wote, ambaye nimemshonea kifuko cha kioo chake. Binti yangu ameziba paa. Kuku anaatamia kipande cha sabuni, tumemwacha.

Nilianza dawa tarehe kumi na mbili, kipimo cha chini. Nilikukasirikia siku tisa kamili baada ya barua yako, nilizihesabu. Siku ya kumi nikakuta najisemea kwamba mtu aliyepanda mizani bila koti mbele ya nesi mdogo si yule niliyekuwa nimemkasirikia. Na mimi pia, jirani yangu alikuwa ameshazikwa na hakuna aliyemlilia.

Kalamu imefika. Natumia hiyohiyo kujazia daftari. Nesi wa huku amelalamika kwamba wino mwekundu unamtisha, nikamwambia azoee. Kila jioni nikimaliza najinakilia ukurasa nikutumie, na wewe unitumie wako. Usitoe alama. Soma tu.

Hii ni ya leo.

Siku ya kumi na mbili. Kuharisha mara nne. Vipele: paji la uso na pua, hakuna poda. Vidole salama. Kope bado fupi. Nimekula nusu sahani, nyingine nimempa kuku. Kuogopa: asubuhi, na tena baada ya chakula. Nesi aliuliza kama hiyo ni dalili, nikamwambia aandike.

Uzito kilo hamsini na moja, mifuko mitupu.

Mdogo wako